Naenda kujitolea Iowa miezi kumi, korona bado ipo. Nijiandae vipi?

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 19. Nilizaliwa Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na tangu 2016 tunaishi Louisville, Kentucky: wazazi, mimi na wadogo zangu watatu, vyumba viwili. Nimekubaliwa kujitolea AmeriCorps NCCC, mpango wa serikali ya Marekani wa vijana wanaojitolea. Natakiwa niripoti Vinton, Iowa, baada ya wiki tano, na tutakaa bwenini na kusafiri na timu kwa miezi 10. Baba anafanya kazi kiwanda cha nyama. Mama yangu ana sukari, na anasema nitaugua huko nife peke yangu. Baba anasema niende. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na pumu, na rafiki yangu ananishauri nisiiandike kwenye fomu ya afya wasije wakanikataa. Nijiandae vipi?

Jibu (Machi 2021): Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kukubaliwa. Nitaanza na fomu, maana hiyo ndiyo itakayotoka mkononi mwako kwanza.

Iandike pumu. Andika ilianza ukiwa na umri gani, mara ya mwisho kubanwa kifua ilikuwa lini, na kama sasa hutumii dawa yoyote, sema hutumii. Rafiki yako hana nia mbaya, lakini fikiria usiku mmoja tu. Mmelala kwenye ukumbi wa kanisa katika mji mdogo, hospitali iko mwendo wa saa nzima, kifua chako kimeanza kupiga miluzi. Kiongozi wa timu, kijana aliyekuzidi miaka michache, anafungua faili lako na hakuna kitu. Hajui kama ni pumu, ni korona, au ni vyote viwili. Na hata usipobanwa, mtu aliyewahi kuwa na pumu huweza kukohoa hewa ikiwa baridi au kukiwa na vumbi la mbao, na Iowa alfajiri ya mwezi wa nne bado baridi inauma. Mwaka huu kikohozi kisicho na maelezo kinaweza kuwafungia watu kumi ndani kwa wiki mbili. Kikohozi kilichoandikwa, chenye barua ya daktari na inhela mfukoni, bado utapimwa, lakini anayekuhudumia anajua pa kuanzia.

Kwa hiyo wiki hii muone daktari. Mwambie akupime kwa ile mashine ya kupuliza pumzi, na akuandikie inhela ya kukaa nayo hata kama hujaitumia miaka mingi. Hapa dawa yenyewe inaitwa albuterol. Ndiyo salbutamol ile ile tuliyoizoea Kigoma. Pumu ya utotoni iliyotulia si kitu cha kumfanya daktari mwenye akili akuzuie. Kinachowatia watu mashaka ni pumu ya kubana kila wiki, isiyo na dawa.

Ukiwa hapo, uliza pia karatasi zako za kifua kikuu. Sisi wengi tuna kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, begani, na kile kipimo cha kuchoma mkononi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo ile tu. Ukitakiwa kupimwa, omba kipimo cha damu, hicho hakidanganywi na BCG. Na kama mlipofika Marekani uliwahi kumeza vidonge vya kifua kikuu kilicholala, chukua nakala inayoonyesha ulimaliza dozi.

Sasa nikuambie ninavyoliona jambo lenyewe. Mwaka 2015, Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, Kigoma, na kipindupindu kikaanza kuua, mimi nilikuwa muuguzi Kasulu. Wewe ulikuwa na miaka 13 hivi, bila shaka unazikumbuka zile ndoo zenye koki na sabuni mlangoni pa choo. Kipindupindu unakifungia njia kwa maji safi na mikono. Korona inakwenda kwa pumzi, na pumzi ndicho kitu ambacho watu wanaolala chumba kimoja hawawezi kuacha kugawana. Nawa mikono, ndiyo, kila mara. Lakini usidhani sabuni itakulinda bwenini. Kitakachokulinda wewe na wenzako ni kwamba yule wa kwanza kuugua aseme asubuhi ile ile.

Nimeliona hili kwa macho. Vuli iliyopita, hapa Iowa ninakofanya kazi ya afya ya jamii, niliitwa kwenye bweni moja la vijana wanaofanya kazi za mikono. Halikuwa la mpango wako. Kijana mmoja aliamka Alhamisi koo likimwasha. Akameza Tylenol mbili, ile tunayoiita Panadol. Mlangoni wakampima joto, likasoma kawaida, kwa sababu dawa ilikuwa imeshalishusha. Akaenda kazini, akala chakula cha mchana ndani ya gari na wenzake, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kupika. Akakaanga kitunguu na hakusikia harufu. Akasogeza pua karibu na sufuria, hakusikia kitu. Hapo ndipo alipojua. Kufikia Jumatano, sita kati ya kumi na mmoja walikuwa na korona. Nilipokaa naye, hakuwa kijana mwongo hata kidogo. Aliniambia aliogopa kuwakosesha wenzake kazi, na aliogopa kurudishwa nyumbani kabla hajamaliza.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mtu hafichi kwa upumbavu, anaficha kwa sababu hana nafasi ya kuugua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi yako ni kujitengenezea nafasi hiyo kabla hujaondoka: nyumbani, mfukoni, na kichwani.

Anza na nyumbani. Mama anaogopa korona ikukute Iowa. Mimi naogopa zaidi usiipeleke wewe Iowa. Mko sita vyumba viwili na baba yuko kiwanda cha nyama, na unajua korona ilivyosambaa kwenye viwanda hivyo mwaka jana: watu bega kwa bega, kwenye baridi, wakipaza sauti juu ya mashine. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, wengi kama siku ya 5, na wengine hawaoni dalili kabisa. Kama una shangazi au ndugu anayekaa peke yake, kalale kwake siku 14 za mwisho. Kama hakuna, lala sebuleni peke yako, dirisha wazi kidogo, kula kwa nafasi yako, vaa barakoa baba akirudi kazini hadi aoge na mkae mbalimbali. Si rahisi kwa nyumba zetu, najua. Mtoto wa mwisho atakuja kukurukia. Fanya unavyoweza, na wiki hizo mbili usiende kwenye harusi, msiba wala ibada ya ndani. Wakikufanyia sherehe ya kukuaga, iwe nje, na iwe ndogo.

Kipimo cha PCR, kile cha korona kinachopelekwa maabara, kifanye siku moja hadi tatu kabla ya safari. Lakini kipimo ni picha ya siku moja. Ukiambukizwa jana, leo kitasema huna. Ndiyo maana zile siku 14 zina uzito kuliko karatasi ya maabara, na ndiyo maana usishangae wakikupima tena ukifika na kuwaweka karantini mwanzoni. Uliza mapema: karantini ni ya siku ngapi, mtu mmoja chumbani au wangapi, na nani analeta chakula.

Mama sasa. Usimwambie tu "usijali". Kaa naye umwandikie mambo matatu kwa Kiswahili, uyabandike kwenye friji: nani atampeleka kliniki ukiwa haupo, namba ya duka la dawa zake, na namba ya mtu wa kupiga simu usiku. Nadhani wewe ndiye umekuwa ukimtafsiria. Mwambie, na umwonyeshe jinsi ya kuomba: kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mkalimani bila malipo, hata kwa simu, na anaweza kusema neno moja tu, "Swahili", wakamwelewa. Fanyeni zoezi hilo wewe ukiwa umekaa pembeni kimya. Mwandikishe chanjo kabla hujaondoka. Mwezi huu wa Machi 2021 kila jimbo lina foleni yake, lakini sukari inamsogeza mbele karibu kila mahali. Kama WhatsApp imemjaza hofu, usibishane naye mbele ya watu. Msikilize anachoogopa hasa, kisha mpeleke kwa daktari wake aulize mwenyewe.

Kuhusu nyungu: najua watakuandalia. Mvuke hauui kirusi mwilini. Tangawizi na limau kunywa upendavyo, koo litatulia, lakini kujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka nimewahi kufunga majeraha yake, na bwenini ni hatari kwako na kwa wenzako.

Chanjo yako mwenyewe ina hesabu yake. Kwa sasa, Machi 2021, Pfizer inaruhusiwa kuanzia miaka 16, Moderna kuanzia 18; dozi ya pili ya Pfizer ni baada ya siku 21, ya Moderna baada ya siku 28. Ya Johnson & Johnson ni dozi moja. Ukipata nafasi Louisville wiki hizi, usiikatae, ila uliza papo hapo dozi ya pili utaipataje ukiwa Iowa, na piga picha kadi yako ya chanjo pande zote mbili. Usisubiri kupangiwa kazi fulani ndipo uchanjwe.

Mfukoni. NCCC inakupa malazi, chakula, sare na nauli, na mwaka huu wa 2021 posho ya kama dola 4,000 kwa miezi yote 10, kabla ya kodi. Yaani kama dola 200 kwa wiki mbili. Huwezi kulipia kodi ya nyumba ya Louisville kwa pesa hiyo, wala kutuma Nyarugusu kila mwezi. Waambie wazazi na ndugu sasa, kwa tarakimu, kila mtu akisikia. Kijana anayetumiwa ujumbe wa "umetusahau" kila Ijumaa ndiye atakayemeza Tylenol na kunyamaza, akidhani akiugua atapoteza hata hicho kidogo. Zawadi kubwa inakuja mwisho: ukikamilisha saa 1,700 unapata fedha za masomo, na kwa mwaka huu wa fedha wa 2021 ni dola 6,345, zinakwenda chuoni au kulipa mkopo wa masomo, na una miaka 7 ya kuzitumia.

Na ukiugua sana katikati? Hapa ndipo wengi hawasomi mkataba. Ukiwa umetumikia angalau asilimia 15 ya muda, na ukaondoka kwa sababu nzito kama ugonjwa wako au wa mtu wa karibu, wanaweza kukuruhusu upate sehemu ya fedha hizo kwa kadiri ya saa ulizofanya. Hupotezi vyote. Machi 2020 timu zilirudishwa nyumbani kwa haraka, na sheria iliyopitishwa na Kongresi mwezi huo ikaruhusu waliokatizwa kulipwa fedha zote za masomo. Usiweke matumaini kwamba itatokea hivyo tena, lakini jua kwamba kusema "naumwa" hakukufungii mlango.

Bima pia. Wanachokupa ni huduma za afya zenye mipaka, si bima kamili, na maradhi uliyokuja nayo yanaweza kuachwa nje. Kama una Medicaid ya Kentucky, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, usiifute. Uliza ofisi yao inakulinda vipi ukiwa nje ya jimbo, kwa kawaida ni kwa dharura tu, na chukua inhela za miezi mitatu.

Mzigo hauhitaji maneno mengi, buti na sare watakupa. Barakoa za kitambaa chukua zisizopungua kumi, za tabaka mbili au tatu, zinazobana pembeni mwa pua. Ukipasua kuni au kubeba maboksi zinalowa jasho, na barakoa iliyolowa haipitishi hewa vizuri, utahitaji mbili au tatu kwa siku. Anza mazoezi leo: vaa moja, zoa takataka, panda ngazi na mabegi, kaa nayo kwa muda wa saa nne. Ikikuchubua masikio, gundua ukiwa kwenu. Beba kipimajoto chako mwenyewe na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Kadi yako ya ukaazi wa kudumu tembea nayo, sheria inakutaka hivyo. Na kwenye ndege, basi na vituoni, barakoa ni amri tangu Februari mwaka huu wa 2021.

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kidonge chochote, pima joto uandike kwenye daftari. Hapa wanasoma kwa Farenhaiti: 100.4 ndiyo homa, ni sawa na 38 yetu. Oksijeni yako ya kawaida ijue ukiwa mzima, labda 97 au 98. Ikishuka chini ya 94 na ukapima tena ikabaki hapo, kidole kikiwa na joto na hakina rangi ya kucha, mwamshe kiongozi hata kama ni saa tisa usiku.

Sasa maisha yenyewe. Vinton mtakaa kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya wasioona ya jimbo, kisha mtakwenda kazini wiki sita, nane, mahali pengine: benki za chakula, miti iliyoangushwa na dhoruba ile ya Agosti 10, 2020, na mwaka huu timu nyingine ziko kwenye vituo vya chanjo. Watu kama kumi mtakuwa kaya moja. Mnaolala chumba kimoja mmeshagawana pumzi, kuvaliana barakoa kitandani hakusaidii kitu. Hatari iko pale kaya mbili zinapokutana: jikoni ambako timu mbili zinapishana, kituo cha mafuta, mwenyeji mkarimu anayekuja kukaa nanyi mezani wakati wa chakula, yaani saa ile ile mmevua barakoa. Kuleni nje, au mgeni akae mbali. Sokoni waende wawili, wengine wabaki.

Gari nalichukulia kwa uzito wa pekee. Mtapanda lile la watu 15, na mwendo unaweza kuwa saa sita. Akiwemo mtu wa nje ya kaya yenu, barakoa zote juu, na fungueni madirisha mawili yanayotazamana kishazari, la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, hata vidole viwili tu. Hewa inaingia huku inatokea kule. Joto liwashwe, lakini kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe. Wengi hawakijui. Kina alama ya mshale unaojikunja ndani ya gari.

Kama mtapelekwa kituo cha chanjo, Kiswahili chako kitatafutwa, maana Iowa kuna Wakongo wengi. Saidia watu kujua foleni iko wapi, wakae wapi, watulie. Ila mambo ya mzio, ujauzito na dawa wanazotumia mwachie mkalimani aliyefundishwa. Neno moja likikosewa hapo linamdhuru mtu.

Siku za karantini ndizo zitakazokupima moyo. Wewe umekulia kwenye nyumba yenye sauti. Chumba kimya kwa wiki nzima kitakuwa kigeni kwako. Panga saa ya kuongea na mama kila siku, ile ile, fupi. Ukikosa usingizi siku tatu mfululizo au ukaanza kukataa chakula, mwambie kiongozi kama ambavyo ungemwambia homa. Na siku ya kwanza timu ikikutana, usisubiri wazungumze wengine. Waambie wewe: "Mimi nilikuwa na pumu, inhela yangu iko mfuko huu wa mbele, na nikijisikia vibaya nitasema siku hiyo hiyo. Naomba na nyinyi mniambie." Ukisema hivyo wa kwanza, wa pili atasema, na yule mwoga wa kumi atakuwa na pa kushikia.

Zamu yako ya kupika ikifika, wapikie ugali na maharage. Unga mweupe na sombe (kisamvu) ya kugandishwa utapata kwenye maduka ya Waafrika Cedar Rapids, si mbali na Vinton. Mwiko chukua wa mama.